Rivyu ya ukumbi wa Kamiriithu, Limuru: hauna paa, siti ni mbao, na bado nauweka namba moja

Najua wa kwanza kusoma hii atauliza mbona narivyu ukumbi ambao askari waliubomoa 1982. Wee tulia. Watu wanarivyu simu ambazo hata spea zake hazipatikani tena na hakuna anayewauliza, sasa mimi nikisema neno juu ya ukumbi wa wanakijiji shida iko wapi. Halafu niko na sababu. Kila mara nikisikia watu wa drama wakilia ati Wakenya hawapendi michezo ya jukwaani, hawatoki nyumbani, hawalipi tiketi, mimi nawaza tu Kamiriithu, manake hapo watu walilipa, walikodi mabasi, walinyeshewa na wakakataa kurudi nyumbani. Kwa hivyo shida si Wakenya. Nataka tuangalie huo ukumbi ulikuwa na nini ambacho hizi kumbi zetu za viti vya kitambaa hazina.

Mahali kwanza. Kamiriithu iko Limuru, kama kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, Limuru ile ya baridi, majani chai na kiwanda cha viatu. Kijiji chenyewe kilizaliwa kwa ubaya, ni kimojawapo ya vile vijiji vya hali ya hatari ambavyo mkoloni alisukumia watu miaka ya 50 ndio wasipeleke chakula msituni kwa Mau Mau. Uhuru ukaja, watu wakabaki hapo hapo, wengi wakifanya vibarua kwa mashamba ya chai ama kazi kiwandani. Kulikuwa na youth centre ya zamani kwa kiwanja cha ekari nne, lakini kufikia miaka ya 70 kilichobaki ni nyumba moja ya udongo ya vyumba vinne inaanguka anguka, na nyasi. Hizo ndizo zilikuwa fasiliti zote.

Sasa sikia vile ilianza, manake hii sehemu huwa inanifurahisha kuliko zote. 1976, asubuhi moja, mama mmoja wa kijijini anaenda kwa Ngugi wa Thiong'o nyumbani kwake, hapo hapo Limuru, na wakati huo huyu ni mtu mkubwa, ndiye mwenyekiti wa idara ya fasihi pale chuo kikuu cha Nairobi, vitabu vyake vinasomwa dunia nzima. Mama hana habari na hayo. Anamwambia tunasikia uko na masomo mengi na unaandika vitabu, mbona wewe na wenzako msitugawie kidogo ya hayo masomo hapa kijijini, na kidogo ya wakati wenu. Ngugi anasema atafikiria, si unajua lile jibu la mtu amesoma. Jumapili ikifuata mama amerudi. Na ile nyingine. Na ile nyingine. Ombi ni lile lile hadi jamaa akakubali. Mimi nikisoma hiyo historia huwa nasema mwanzilishi wa kweli wa huu ukumbi ni huyo mama, lakini ukiuliza watu wengi leo watakutajia Ngugi tu, huyo mama hata jina halijulikani.

Na hawakuanza na drama hata. Walianza na ngumbaru, madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika kwa lugha yao, Kikuyu, na aliyekuwa anayasimamia ni Ngugi mwingine, Ngugi wa Mirii (hapana, hawakuwa ndugu), yeye alikuwa mtafiti chuo kikuu. Mbinu zao zilitoka kwa Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, ile kwamba mtu mzima hafundishwi kama mtoto, anaanza kuandika kuhusu maisha yake mwenyewe, mshahara wake, shamba lake, deni lake. Na watu wakishaanza kuandika kuhusu mshahara wao si unaona vile hadithi inaenda. Kutoka hapo kufika kwa mchezo wa kuigiza ilikuwa hatua moja tu.

Haya, ukumbi wenyewe. Hakuna kampuni ya ujenzi, hakuna akitekti kutoka ng'ambo. Vijana walipanga njiti za kibiriti kwa mchanga, wakiangalia jukwaa litakaa wapi na watu watakaa wapi, kisha wakatengeneza modeli ndogo, kisha ndio wakajenga yenyewe, kwa mikono na kwa michango. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa kidogo, nusu duara, na nyuma yake ukuta wa mianzi nao nusu duara, na nyuma ya huo ukuta kulikuwa na kanyumba ka vyumba vitatu ka kuweka vitu na kubadilisha nguo. Siti ni mbao ndefu zimepangwa kama ngazi, so hakuna mtu anaangalia kisogo cha mwingine. Zilikuwa zinaingiza zaidi ya watu 2000. Elfu mbili bana, kijijini, wakati ukumbi wa taifa pale Nairobi hauingizi hata nusu yao! Paa hakuna. Mpaka kati ya jukwaa na watazamaji ni kama haukuwepo, waigizaji wanapita katikati ya watu, wanazunguka nyuma, wanarudi, na kwa kuwa kila mtu anamjua kila mtu, yule anayepita karibu na wewe amevaa kama tajiri si ajabu ni jirani yako anayekuwia sukari.

Nyuma ya siti kulikuwa na miti mirefu ya mikaratusi. Ngugi wa Thiong'o ameeleza kwamba siku moja katikati ya shoo waigizaji fulani, bila kuambiwa na mtu, bila mazoezi, walipanda ile miti na kuendelea kuimba wakiwa huko juu, so sasa sauti inashuka kijijini kote, na hata wale hawakulipa tiketi, yule mama amebaki nyumbani na mtoto mgonjwa, wote wako kwa shoo. Kijiji kilikuwa na kama watu elfu kumi hivi. Sasa niambie ni saundi sistemu gani hiyo. Mimi nimekaa kwa kumbi zina spika kila kona na bado nauliza wa pembeni amesema nini, amesema nini.

Lakini ukitaka ukweli jukwaa si ndilo lilibeba Kamiriithu. Ni mazoezi, na hapa nitakaa kidogo.

Kawaida mchezo unaandaliwa mlango umefungwa. Dairekta anajua, waigizaji wanajua, wewe unaitwa siku ya mwisho, unalipa, unakalishwa gizani, unapiga makofi, ukiwa na maoni unaambiwa asante kwa kuja, utufuate kwa mitandao. Kamiriithu walifungua mlango kuanzia siku ya kuchagua waigizaji. Kila mtu anaona nani amejaribu na nani ameshindwa. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili mchana, ndio mtu wa kazi awe ametoka kazini na mtu wa kanisa awe ametoka kanisani, na yalifanyiwa nje peupe, anayepita anasimama, na anayesimama anaongea. Na waliongea! Wale wawili, Ngugi na Ngugi, walikuwa wameleta rasimu, na Kimani Gecau ndiye alikuwa dairekta, na hawa wote ni watu wa vyuo vikuu, lakini hapo uwanjani mzee wa kijiji anasimamisha kila kitu anasema mtu wa umri huo haongei na mkwe wake namna hiyo, rekebisheni. Wanarekebisha. Wamama wakubwa ndio walifundisha zile nyimbo za harusi za zamani, gitiiro na zingine, vile mtu anaingia, vile anajibiwa, nani anaanza. Yale maneno ya mfanyakazi wa kiwanda kuhusu shifti na mshahara usiotosha yalikuwa na nguvu kwa sababu waliokuwa wanayakagua ni watu walikuwa wametoka kwa hizo shifti, na mtu kama huyo huwezi kumdanganya kuhusu hesabu ya mshahara.

Maprofesa wakawa wanafunzi, kwa kifupi, na si kwa maneno ya adabu ya kwenye hotuba, ni kwamba script ilikuwa inabadilika mbele ya macho ya watu. Ikafika mahali kijiji kizima kinajua mistari. So siku ya kufungua, watu hawakuja kuona ni nini kitatokea, walikuwa wanajua kitakachotokea, walikuja kuona kama kimetoka sawa. Ni kama sufuria ya ugali inayopikwa na watu kumi, hakuna anayeweza kusimama baadaye aseme chakula hakikuiva. Hiyo ndiyo siri na hakuna bajeti ya matangazo inaweza kuinunua. Mimi nikisikia vikundi vya siku hizi vikisema vimefanya tamthilia ya jamii huwa nauliza swali moja tu, hiyo jamii ilikata mstari gani kwa script? Kama hakuna, hiyo ni shoo ya kawaida imeletwa na gari.

Mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda (yaani Nitaolewa Nikipenda), ulifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Stori ni ya Kiguunda na mkewe Wangeci, maskini wana ekari moja na nusu tu, na tito didi yake, ile hati ya kumiliki shamba, wameitundika ukutani kama picha ya familia. Msichana wao Gathoni anatoka na kijana wa tajiri, Kioi, huyo Kioi ni mtu wa kanisa na mali, na wazazi wakadhani ndoa inakuja, kumbe wanaambiwa kwanza wao wenyewe wafunge harusi ya kanisani ndio waache kuishi dhambini, watu wameoana kitambo kwa mila! Harusi ni pesa, pesa ni mkopo, mkopo ni ile tito didi. Unaona vile itaisha. Msichana anapata mimba anakataliwa, shamba linaenda.

Kama mchezo, niwe mkweli, mimi nina malalamiko kidogo. Matajiri wake ni wabaya kuanzia mlangoni hadi mwisho, hawana hata dakika moja ya kukushangaza, na kuna mahali wahusika wanaacha kuongea na kuanza kuhutubia. Ukiusoma peke yako kwa kiti, hizo hotuba zinachosha. Lakini haukuandikwa usomwe kwa kiti, uliandikwa uimbwe na watu mia wakiwa na elfu mbili mbele yao wanaojua wimbo, na hapo hotuba inageuka kitu kingine kabisa. Kwa hivyo ukisoma kitabu usikate maksi haraka.

Watu walikuja kutoka mbali, wengine kwa mabasi ya kukodi na matatu. Kuhusu mvua, ambayo kwa ukumbi bila paa huko Limuru hiyo ni kasoro kubwa na siwezi kuificha, kuna siku ilinyesha ikasimamisha shoo, ikaacha, wakaendelea, ikarudi tena, na watu hawakutoka. Mimi nimeona watu wakiondoka kwa ukumbi wenye paa sababu AC imekataa.

Menejimenti sasa. Wenyewe walikuwa kamati ya kijiji, wakulima na wafanyakazi, pesa za kiingilio zilikuwa za kituo cha kijiji, si za mwandishi. Udhaifu ulikuwa ni mmoja na ndio uliwaua: laiseni. Kwa sheria ya wakati huo ukitaka kukusanya watu lazima mkuu wa wilaya akupe kibali, na kile anachokupa anaweza kukichukua. Tarehe 16 Novemba 1977 serikali kupitia kwa mkuu wa wilaya ya Kiambu ikaondoa kibali. Wiki sita tu tangu kufunguliwa. Mwisho wa mwaka huo huo, usiku wa tarehe 31 Desemba, wakaja kumchukua Ngugi wa Thiong'o, akafungwa gereza la Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, na akitoka kazi ya chuo kikuu hakurudishiwa. Fikiria ukubwa wa hilo jambo, jamaa alikuwa ameandika vitabu kwa Kiingereza miaka na miaka, vingine vikali kabisa kwa serikali, na hakuguswa. Mara moja tu akae na wanakijiji waongee kwa lugha wanayoelewa, gerezani. Kama mtu anataka kujua ni kipi kilikuwa na nguvu kati ya vitabu vya Kiingereza na mchezo wa kijijini, serikali ndiyo ilitoa rivyu hapo.

Na hawakukata tamaa, hiyo lazima niwape. Miaka michache baadaye wakarudi na mchezo mwingine, Maitu Njugira (yaani Mama Niimbie), huu ni wa nyimbo zaidi, wa enzi za kipande, kile kitambulisho mkoloni alilazimisha Waafrika kubeba, na nyimbo zilitoka jamii nyingi za Kenya si Wakikuyu peke yao. Ulipangwa kufunguliwa ukumbi wa taifa Nairobi Februari 1982. Walipofika wakapata milango imefungwa na polisi wako. Wakahamia chuo kikuu, wakaita tu mazoezi, na kwa kuwa mazoezi yao yamekuwa wazi kila siku, watu wakajaa, maelfu wakaona mazoezi hadi yakapigwa marufuku pia. Huwa nacheka na pia nakasirika nikifikiria hapa, manake ile tabia yao ya mazoezi ya wazi ambayo ilianza kama njia ya kutengeneza mchezo vizuri ikawa sasa ndio njia pekee ya kuuonyesha.

Tarehe 11 Machi 1982 kituo kikafutiwa usajili. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yakaingia Kamiriithu na wakauangusha ukumbi, mianzi, mbao, kila kitu. Baadaye polytechnic ikajengwa hapo. Ngugi wa Thiong'o akiwa London mwaka huo akaonywa asirudi, akakaa uhamishoni miaka 22, na alikufa Mei 2025. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, na hii watu wengi huwa wanairuka, Ngugi wa Mirii hakuenda huko kukaa tu, 1986 alianzisha chama cha kuunganisha vikundi vya tamthilia za jamii huko, ZACT, na akafanya hiyo kazi hadi alipokufa kwa ajali ya gari 2008. So ukisema Kamiriithu ilikufa 1982, hapana, ilihamia Harare na tawi likawa kubwa kuliko makao makuu.

Kuna watu waliniambia kama nataka kuonja Kamiriithu si basi ule mchezo ulirudishwa ukumbi wa taifa Mei 2022, Stuart Nash akiwa dairekta, siku zingine kwa Kiingereza na zingine kwa Kikuyu. Ni sawa, na ni jambo kubwa, mchezo uliofungia mtu gerezani kuchezwa katikati ya mji na hakuna askari mlangoni. Lakini tusidanganyane, hiyo ni bidhaa nyingine. Hiyo ni mchezo wa Kamiriithu ukiwa umetolewa Kamiriithu. Waigizaji ni mahodari kuliko wale wa 1977, taa ziko, paa liko, lakini hakuna mzee wa kusimamisha mazoezi. Ukirudishwa tena, nenda ule wa Kikuyu hata kama Kikuyu chako ni cha kuombea maji, utashika nusu na hiyo nusu itakuwa na ladha. Nyimbo hazitafsiriki, full stop.

Kasoro zingine kabla nimalize. Lugha ilifungia nje Wakenya wengi, hiyo ni kweli, na Maitu Njugira ilikuwa inaanza kurekebisha hilo wakati walifungiwa. Kituo kilimtegemea sana mtu mmoja mwenye jina kubwa, lakini bila hilo jina labda hata hizo wiki sita hawangepata, sijui mtu angefanya aje hapo. Na choo, hakuna anayeandika kuhusu choo! Nimesoma kuhusu mianzi, njiti za kibiriti, hadi ndege wakitazama shoo kutoka kwa miti, lakini watu elfu mbili walienda wapi kujisaidia hakuna mahali imeandikwa.

Kwa walio na vikundi vya drama mtaani na wanauliza waanzie wapi, msianze na jukwaa, wala msitafute wafadhili kwanza. Chukueni script yenu mwende nayo kwa uwanja wa wazi Jumapili mchana baada ya kanisa, msome kwa sauti, na yule mama wa kwanza kuwaambia hapo mmekosea, mpeni kiti na kalamu.